Bosi wa Proton alisifu chama cha Trump, je, tuhamishe barua za kikundi?

"Habari mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo huku Butere, tunasaidia wajane kufuatilia urithi wa mashamba baada ya mume kufariki. Barua zetu zote za imeili ziko Proton, ile huduma ya imeili inayofunga barua kwa siri, tulishauriwa hivyo kwenye mafunzo kwa sababu kuna mashemeji wengine wana watu wao maofisini na tuliogopa mambo yetu yasomwe. Sasa kijana wetu wa kompyuta ametuletea habari ati mkubwa wa Proton alisifu chama cha Trump na watu ng'ambo wakakasirika wakahama. Mwenyekiti anasema tuhame mara moja, mweka hazina anasema siasa za Marekani zinatuhusu nini. Mimi niko katikati. Nitaaminije kwamba mtu kama huyo hafungui barua zetu? Na tukihama, twende wapi?"

Dada yangu, asante kwa kuuliza kabla ya kuhama, manake wengi huuliza baada ya kupoteza nusu ya mafaili. Nikikusoma vizuri, hapo kuna maswali mawili yameshikana. Moja ni la usalama: huyu bosi anaweza kusoma barua za wajane wetu ama hawezi? Lingine ni la dhamira: tunataka jina letu likae na mtu anayesema maneno kama yale? Mwenyekiti wako anajibu la pili, mweka hazina anajibu la kwanza, ndiyo maana hamtaelewana hata mkae kikao mpaka jioni. Wote wawili wana haki, lakini majibu ya hayo maswali hayafanani.

Hebu kwanza tuweke sawa kilichotokea, kwa sababu habari ikipita kwenye magrupu ya WhatsApp inafika ikiwa imeota mikono na miguu. Desemba 2024 Donald Trump alimtaja Gail Slater kuongoza ile idara ya wizara ya sheria ya Marekani inayopambana na makampuni yanayohodhi soko. Andy Yen, mkurugenzi mkuu wa Proton na mmoja wa wale walioianzisha Uswisi mwaka 2014, akaandika kwenye X, ule mtandao ulioitwa Twitter zamani, kwamba huo ni uteuzi mzuri, akaongeza kwamba miaka kumi iliyopita Republican, chama cha Trump, ndio walikuwa chama cha mabwanyenye na Democrat wakisimama na mtu mdogo, lakini sasa mambo yamegeuka kabisa. Januari 2025 watu wakaifukua ile posti, ikawaka. Kilichochoma zaidi ni kwamba akaunti rasmi ya kampuni kwenye mtandao wa Reddit iliingilia kumtetea, halafu baadaye kampuni ikaiondoa hiyo posti ya Reddit. Ujue pia Proton imelumbana na Apple na Google kwa miaka juu ya maduka yao ya programu, kwa hivyo ile idara inamgusa Yen moja kwa moja kibiashara. Hiyo haimaanishi alisema sawa, inakuonyesha tu alikuwa anaangalia wapi. Katika yale maneno hakuna mahali alipoahidi kumpa mtu yeyote data ya wateja. Kama kijana wenu amewaambia hivyo, amedanganywa huko alikoitoa.

Sasa tuje kwa woga wako wenyewe, ule wa kufungua barua. Kikundi chenu nina hakika kina lile sanduku la chuma la kuweka na kukopa, lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Mwenyekiti akienda barazani akasifu chama ambacho nusu ya wanachama hawakitaki, mtaumia, mtamwita kikao, pengine mtamtoa kwenye kiti. Lakini sanduku halijafunguka kwa sababu ya yale maneno, manake hana funguo zote. Proton imejengwa karibu hivyo. Ukiandika paswadi yako, simu yako yenyewe ndiyo inaitumia kufungua ufunguo wa siri wa akaunti. Ule ufunguo umehifadhiwa kwenye seva zao, ndiyo, lakini umehifadhiwa ukiwa umefungwa, na kinachoufungua ni paswadi ambayo haitumwi kwao. Ndiyo maana mtu akisahau paswadi akaweka mpya, na hana yale maneno ya kurejesha aliyopewa mwanzoni, anaingia kwenye akaunti vizuri tu lakini barua za zamani hazisomeki. Watu hulalamika sana hapo, wanaona kampuni imewanyima huduma, kumbe kampuni yenyewe haina cha kuwafungulia.

Kwa hivyo jibu fupi la kwanza: siasa za Andy Yen haziwezi kusoma barua mliyotumiana nyinyi kwa nyinyi ndani ya Proton. Lakini sitaki ulale ukidhani kila kitu kimo ndani ya sanduku. Kichwa cha barua hakimo. Yaani ile laini ya juu unayoandika "Mambo ya shamba la mama fulani" haijafungwa kwa namna ile barua yenyewe ilivyofungwa. Nani kamwandikia nani na saa ngapi, hiyo pia haimo. Na barua yoyote inayotoka ama kwenda Gmail inasafiri bila ule ufunguo wenu. Ikifika Proton inafungwa, sawa, lakini Google wanabaki na nakala yao. Sasa nikuulize, wakili anayewasaidia anatumia nini? Mawakili wengi wadogo huku kwetu wanatumia Gmail ya kawaida. Kama wako ni mmoja wao, basi barua zile nyeti kabisa, za kesi, ziko Google tangu siku ya kwanza, na mwenyekiti anapigana na bosi wa Uswisi huku mlango wa nyuma uko wazi. Mwombe wakili afungue akaunti ya Proton ya bure, ama mtumie ile njia ya Proton ya kutuma barua iliyofungwa kwa paswadi, halafu hiyo paswadi mpeni kwa simu ama ana kwa ana.

Kuna jambo lingine linasemwa sana kwenye mafunzo na si kweli, kwamba Uswisi hawatoi chochote kwa polisi. Wanatoa, wakipewa amri halali ya Uswisi. Mwaka 2021 polisi wa Ufaransa waliwafuata wanaharakati wa mazingira wa Paris kwa kupitia serikali ya Uswisi, na Proton ikalazimika kurekodi anwani ya IP ya akaunti yao, ile namba inayoonyesha mtu ameingia kutoka mtandao gani, na mmoja akakamatwa. Mwaka 2024 ikajulikana kwamba kwa njia hiyo hiyo polisi wa Hispania walipata imeili ya kurejesha akaunti ambayo mwanaharakati mmoja wa Catalonia alikuwa ameiweka mwenyewe, ilikuwa ya Apple, nao wakaenda kuuliza Apple mwenye hiyo imeili ni nani. Angalia vizuri hapo. Katika kesi zote mbili hakuna barua iliyosomwa, na zote zilitokea kabla Yen hajawa gumzo la siasa. Waliofuatwa walifuatwa kwa yale mambo yaliyo nje ya sanduku. Kwa hivyo fungua mipangilio ya akaunti leo uone imeili ya kurejesha mmeweka ipi, mara nyingi ni Gmail ya katibu yenye jina lake kamili na namba ya simu.

Sasa mweka hazina asishangilie mapema. Kuna namna ambayo maneno ya bosi yanahusu usalama kweli, na sitaificha. Ule mpango wa kufuli ulitengenezwa na watu, na watu haohao ndio wanaoubadilisha. Ukifungua Proton kwenye brauza, kila mara programu inayofungua na kufunga barua zako inatoka kwenye seva zao upya. Mtu mwenye nia mbaya ndani ya kampuni, akiwa na nguvu za kutosha, anaweza kupeleka programu tofauti kwa mteja mmoja. Ni ngumu, ni hatari kwake, na programu zao zimewekwa wazi ili wataalamu wa nje wazikague, lakini haiwezekani kusema ni sifuri. Kwa hivyo unamwamini mtu kidogo, hata hisabati ikiwa nzuri namna gani. Na ukimwamini mtu kidogo, tabia yake inakuhusu kidogo.

Ndiyo maana mimi huuliza: huyu mtu akiamua vibaya, kuna wa kumzuia? Hapo ndipo makampuni hayafanani. Mchukue Elon Musk. Septemba 2023 alikiri mwenyewe kwamba Ukraine waliomba Starlink, huduma yake ya intaneti ya setilaiti, iwashwe mpaka Sevastopol kule Crimea, wakati wa vita, na yeye akakataa. Sitaki kuingia kwa ile vita, ninachokuonyesha ni kwamba fikra za mtu mmoja ziligeuka kuwa mtandao upo ama haupo. Starlink iko Kenya tangu Julai 2023, shule na zahanati za vijijini zinaitumia, na mtu akiniuliza kama siasa za Musk zinahusu mteja wa Starlink nitasema ndiyo, zinahusu sana, kwa sababu swichi iko karibu na mkono wake. Proton iko tofauti kidogo: Juni 2024 waanzilishi walikabidhi hisa zao kwa wakfu usio wa faida, Proton Foundation, ambao ndio mwenye hisa mkuu, na kwenye bodi yake yumo Tim Berners-Lee, yule aliyebuni wavuti. Bosi bado ana nguvu, Yen mwenyewe yumo kwenye hiyo bodi, lakini kampuni haiwezi kuuzwa kirahisi kwa mtu mmoja mwenye pesa. Hilo kwangu lina uzito kuliko posti moja.

Na kinyume chake pia kipo. Mwaka 2014 Mozilla, wenye brauza ya Firefox, walimfanya Brendan Eich mkurugenzi mkuu, ikaibuliwa kwamba mwaka 2008 alichanga dola 1,000 kuunga mkono kura ya California ya kuzuia ndoa za jinsia moja, akajiuzulu Aprili, hata mwezi haukuisha. Waliomkataa walikuwa na sababu zao za dhamira, na waliomtetea pia. Lakini Firefox ya siku aliyoingia na Firefox ya siku aliyotoka ilikuwa ileile. Aliyebadilisha brauza wiki ile alikuwa anasema msimamo wake, hakuwa anakimbia hatari.

Huku kwetu tunalijua hili kuliko tunavyodhani. Novemba 2017 muungano wa upinzani wa NASA ulipotangaza kususia Safaricom, Bidco na Brookside, Kisumu laini za Airtel zilitafutwa kwelikweli, na kususia ni njia halali ya mwananchi kusema amechoka, sitamcheka mtu yeyote aliyefanya vile. Lakini aliyedhani kwamba kwa kubadilisha laini mesej zake sasa ziko salama zaidi alikosea, kwa sababu kampuni zote za simu zenye leseni ya Kenya ziko chini ya sheria zilezile na mahakama zilezile. Msimamo aliupata, usalama haukuongezeka. Na nyinyi mkihama Proton, naomba tu mjue mnanunua kipi kati ya hivyo viwili.

Niseme pia kitu kwa upande wa mwenyekiti, asionekane mtu wa hasira tu. Kikundi kinachosaidia wajane kinaishi kwa kuaminiwa. Kama kuna mama kati yenu, ama mfadhili, anayeona lile jina na moyo unamkwama, hiyo ni gharama ya kweli hata kama hisabati iko sawa. Pia bosi akisema, unapata kuona kampuni inajirekebisha vipi. Hapo Proton walikosea kwa kutumia akaunti ya kampuni kubeba maoni ya mtu, na walifanya vizuri kuiondoa ile posti. Mimi ningeendelea kuangalia: masharti ya faragha yakibadilishwa kimyakimya, ukaguzi wa nje ukikoma, programu zikiacha kuwekwa wazi, hapo hamisha bila kuuliza siasa za mtu.

Sasa nikuambie kinachonisumbua mimi kwenye barua yako, na si Andy Yen. Uliandika kwamba mnaogopa mashemeji wenye watu wao maofisini. Shemeji wa Butere hana njia ya kufika Geneva, makao ya Proton. Ana njia ya kufika saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Nimeona mara nyingi kwenye mashine za saiba, unaandika herufi moja tu kwenye kisanduku cha kuingilia, zinashuka imeili za wateja waliotangulia, na nyingine paswadi imeshahifadhiwa, unabonyeza tu. Ukifungua folda ya vitu vilivyodaunlodiwa unakuta barua ya chifu inayotaja warithi wote kwa majina, cheti cha kifo, picha ya hatimiliki, picha za vitambulisho mbele na nyuma. Mwenye saiba si mtu mbaya, hana tu muda wa kufuta. Lakini shemeji akiingia kuskani barua yake kwenye mashine hiyohiyo, kila alichokuwa anakitafuta kipo, na hakuna kampuni duniani ingekuzuilia hilo. Kama mnaweza kuchanga mnunue laptopu moja iliyotumika, ama mfanye kazi zote kwa simu ya katibu yenye nambari ya siri ya kufungulia, hilo litawasaidia kuliko kuhama mara tatu. Na hapo hapo washeni ile hatua ya pili ya kuingia, ile ya programu inayotoa nambari kila sekunde thelathini, msitegemee ya mesej kwa sababu laini inaweza kubadilishiwa mtu mwingine.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu kama data nyeti mambo kama mali ya mtu, hali ya ndoa, na habari za familia pamoja na majina ya watoto na wenzi. Hiyo ni kazi yenu nzima, kila faili. Na kupeleka data nyeti nje ya Kenya kunahitaji ridhaa ya mwenyewe na ulinzi unaofaa, sasa seva za Proton ziko Ulaya, za Google ziko kotekote. Kwa hivyo mama akija na kesi yake, mweleze kwa lugha yake kwamba karatasi zake zitahifadhiwa wapi, asaini ama aweke kidole. Wengi hawajafanya hivyo, na mkihama kampuni bila kufanya hivyo mmehamisha tatizo tu. Ikitokea data imevuja na watu wanaweza kudhurika, mnatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu mjue.

Basi mfanye nini? Mkiniuliza mimi, kwa kikundi cha ukubwa wenu, ningebaki Proton kwa sasa lakini ningeondoa ule utegemezi. Sajilini jina lenu la mtandao linaloishia na .or.ke, halafu mliunganishe na Proton kwa mpango wa kulipia. Kadi ya M-Pesa ya GlobalPay mnaweza kuitumia kulipa kama hamna kadi ya benki. Baada ya hapo anwani ni yenu, siku mkikosana na Proton mnalielekeza jina kwingine na mama aliyeandikiwa anwani kwenye karatasi mwaka juzi bado barua yake inafika. Wenye pesa kidogo waanze na kuhifadhi nakala: Proton wana programu yao ya kutoa barua zote, zikae kwenye diski iliyofungwa kwa paswadi, kwa mtu mnayemwamini.

Na kama kikao kitaamua kuhama kwa dhamira, hameni, mna haki. Huduma ya imeili ya Tuta ya Ujerumani nayo inafunga barua, hata kichwa cha barua inakifunga, ila kuingiza barua za zamani si rahisi na wakili wako itabidi azoee kitu kipya. Kurudi Gmail ndiko nisikokushauri, kwa sababu huko kampuni yenyewe ina uwezo wa kufungua, na ndiko kundi lililohama kwa haraka huishia, wiki mbili watu wamechoka na paswadi mpya, wiki ya tatu picha za hatimiliki zinatumwa kwenye grupu ya WhatsApp yenye watu arubaini. Yeyote mtakayechagua, msihame wakati kuna kesi iko karibu kusikizwa, na msifunge akaunti ya zamani mpaka miezi kadhaa ipite bila barua kuingia.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama mmeshaona dalili, mfano shemeji amejua kitu kilichokuwa kwenye barua peke yake, ama akaunti inaonyesha mtu ameingia kutoka mahali hamkujui, usijaribu kurekebisha mwenyewe wala usifute chochote. Badilisha paswadi kwa simu ya mtu mwingine aliye salama, kisha mtafute mtu wa usalama wa mitandao uso kwa uso, Kakamega ama Kisumu wapo, njoo na zile simu na laptopu zenyewe. Usimtumie mtu yeyote paswadi kwa mesej, hata mimi. Na kama mama mmoja anatishiwa juu ya shamba lake, hilo halisubiri mambo ya imeili: ni la wakili na kituo cha polisi siku hiyohiyo, na muombe nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, muiandike.